Mama anaharisha kwa kemo: nimpe kapsuli za probiotiki?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, sasa yuko kwenye kemo. Siku ya kwanza anawekewa dripu ya oksaliplatini, kisha anameza vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu anapumzika wiki moja. Amemaliza dawa za mzunguko wa pili juzi. Mzunguko huu ameharisha sana, siku nyingine mara sita au saba, na hata usiku anaamka. Kliniki hajasema, anaogopa watamsimamishia dawa na saratani irudi. Shemeji yangu amemnunulia kopo la kapsuli za probiotiki kwa bei kubwa, na muuzaji amemwambia hao bakteria wazuri wanakula seli za saratani na kuipa kemo nguvu. Jirani yetu anasema tuachane na kapsuli, mtindi unatosha. Nesi naye alituambia maziwa asinywe kabisa. Tunampa pia vidonge vya kuongeza damu. Nimpe kapsuli hizo au nisimpe? Na nikimpa, hazitaharibu kemo?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Habari ya kapsuli nitaijibu kwa urefu, lakini kuna jambo kwenye barua yako ambalo haliwezi kungoja. Mgonjwa anayemeza kapesitabini akaenda haja mara sita au saba kwa siku, na usiku akaamshwa na tumbo, anatakiwa asitishe vidonge na kliniki ijulishwe siku hiyohiyo. Ndivyo maelekezo ya dawa yenyewe yanavyosema: choo kikizidi kawaida yake kwa mara nne au zaidi kwa siku, au kuharisha kukimwamsha usiku, vidonge vinasimama mpaka daktari aseme viendelee. Mama yako alishafika hapo. Kama sasa yuko kwenye wiki ya mapumziko na tumbo limetulia, bado asianze mzunguko wa tatu kabla kliniki haijajua yaliyompata kwenye wa pili, kwa sababu dozi inayofuata hupangwa kwa kuangalia ile iliyopita ilimfanyaje.

Hofu ya mama naielewa, na wagonjwa wengi wanayo. Mwambie taratibu kwamba kusimama siku chache kwa maelekezo ya daktari ni sehemu ya tiba. Vidonge vilivyorukwa kwa ajili ya madhara havifidiwi baadaye, na kupunguziwa dozi ni jambo la kawaida kabisa kwenye wodi za saratani. Kinachovuruga tiba ni ule ukimya. Anaharisha, maji yanapungua mwilini, figo zinalegea. Na mabaki ya kapesitabini hutolewa na figo, kwa hiyo zikilegea dawa inakaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa, na kuharisha kunazidi. Wagonjwa wanaofikishwa kwetu hawawezi kusimama, mizunguko yao ikaahirishwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi ni wale waliovumilia nyumbani.

Jambo la pili ni hivyo vidonge vya kuongeza damu. Hebu geuza paketi usome nyuma. Vingi vinavyotolewa huku kwetu, vile wanavyopewa akina mama wajawazito, vina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Foliki ni vitamini nzuri kwa watu wengi. Ila kapesitabini ikishaingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, ambayo ndiyo dawa yenyewe ya kemo, na foliki huisaidia fluorourasili kukibana kwa nguvu zaidi kile kimeng'enya inachokilenga. Madaktari wa saratani hulitumia jambo hilo kwa makusudi na kwa kipimo wanachokijua, pale wanapotoa fluorourasili ya dripu pamoja na lukovorini, dawa ya jamii hiyohiyo ya foliki. Ikiongezwa nyumbani bila kliniki kujua, inaweza kuzidisha madhara, na kuharisha ni mojawapo. Sisemi ndiyo sababu ya yaliyompata mama. Nasema visimame mpaka daktari wake avione, na kama kweli damu iko chini, kuna vidonge vya chuma visivyo na foliki. Kabla familia haijatoa hela nyingine kwa ajili ya probiotiki, hili ni la bure na lingeweza kuwa na uzito zaidi.

Sasa tuje kwenye kopo la shemeji yako.

Ili uamue vizuri, inabidi uone kwanza kwa nini mama anaharisha. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, lakini na utando wa ndani wa utumbo uko hivyo: hujivua na kujiota upya kila baada ya siku chache, maisha yetu yote. Fluorourasili inapozizuia seli mama zilizo chini ya utando, vile vinyweleo vidogo vya kufyonza chakula hupungua urefu, sehemu nyingine huchubuka, na maji ambayo yangefyonzwa hubaki ndani ya utumbo na kutoka kama choo chepesi. Kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa nacho hupungua, kwa sababu kinakaa juu kabisa ya utando huohuo ulioumizwa. Ndiyo sababu nesi alisema habari ya maziwa, nitarudi hapo.

Bakteria nao hubadilika. Katika hali ya kawaida utumbo mpana umejaa bakteria wanaoishi nasi kwa amani, wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi zinazolisha seli za utando. Kemo, lishe duni ya mgonjwa na antibiotiki anazopewa njiani hupunguza makundi kama Lactobacillus na Bifidobacterium, na bakteria wengine wasio na faida hiyo hupata nafasi. Kuna dawa moja ambayo bakteria wanahusika moja kwa moja na madhara yake, irinotekani, ambayo hutumika pia kwa saratani ya utumbo mpana. Ini huitia kifungo sumu yake na kuitupa kwenye nyongo ili itoke na choo, kisha bakteria fulani wa utumboni wanakikata kile kifungo kwa kimeng'enya chao, sumu inakuwa hai tena, na utando unaungua. Mama hatumii irinotekani, lakini wapo wasomaji ambao wagonjwa wao wanaitumia, na kwao kuharisha kunakoanza siku kadhaa baada ya dripu kunatokana kwa sehemu kubwa na njia hiyo.

Kwa hiyo wazo la kumpa mgonjwa bakteria wenye manufaa halikutoka hewani. Wanaweza kuifanya asidi ya utumbo iwafae zaidi wale wazuri, kuwabania nafasi wabaya, na kusaidia seli za utando zishikamane. Jambo ambalo watu hawaambiwi dukani ni kwamba bakteria wa kapsuli ni kama abiria wa daladala: wanafanya yao wakiwa njiani, na wengi wanashuka siku chache baada ya mgonjwa kuacha kumeza. Hawahamii tumboni kwa kudumu.

Muuzaji alikwenda mbali zaidi ya hapo. Alichokisema kina kipande cha ukweli ndani yake, na nadhani ndicho kilichomshawishi shemeji yako. Ni kweli kwamba bakteria wanahusika na saratani za njia ya chakula kuliko tulivyodhani zamani. Kuna bakteria wa mdomoni anayeitwa Fusobacterium nucleatum ambaye hukutwa kwa wingi ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, na mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha jinsi anavyozisaidia seli za saratani kustahimili fluorourasili na oksaliplatini, dawa zilezile za mama yako. Mwaka huohuo kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba bakteria walio ndani ya uvimbe wa kongosho wanaweza kuivunja dawa ya gemsitabini kabla haijafanya kazi. Hizo ni kazi nzito na zimebadilisha tunavyofikiri.

Lakini kutoka hapo hadi "kapsuli zinakula saratani" ni mbali mno. Kwenye kisahani cha maabara, majimaji yanayotolewa na baadhi ya bakteria hawa huua seli za saratani. Kwa panya nako yapo matokeo ya kutia moyo. Kwa wagonjwa wa saratani za njia ya chakula wanaopata kemo, hakuna jaribio lililothibitisha kwamba probiotiki hupunguza uvimbe, huzuia saratani kurudi au humwongezea mtu miaka. Mtu anayekuuzia kopo kwa maneno hayo anakuuzia asichonacho. Na akifika mahali pa kukuambia kemo haihitajiki tena, mkimbie kabisa. Kuna wagonjwa waliokuwa na saratani ya kutibika wakaja kwetu imeshaenea kwa sababu ya ushauri wa namna hiyo, na hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Ambacho probiotiki imejaribiwa kwa wagonjwa kwa bidii ni kupunguza kuharisha. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Finland na kuchapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 150 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana walipewa kemo yenye fluorourasili, na baadhi yao wakapewa Lactobacillus rhamnosus GG kila siku. Kuharisha kukali kulitokea kwa asilimia 22 ya waliopewa bakteria na asilimia 37 ya ambao hawakupewa. Waliopewa hawakusumbuliwa sana na tumbo, wachache walipunguziwa dozi kwa sababu ya utumbo, na hawakuonekana kudhuriwa na bakteria hao. Kwa hali ya mama yako huo ndio ushahidi wa karibu zaidi, na mimi nauheshimu.

Ila ni jaribio moja, na dawa zilitolewa kwa dripu, si kwa vidonge vya kapesitabini vikiambatana na oksaliplatini. Wenzetu wa Slovakia walijaribu mchanganyiko wa bakteria kwa wagonjwa wa irinotekani. Kikundi cha kwanza cha watu 46 kilileta matumaini makubwa, hakuna aliyeharisha vibaya upande wa waliopewa bakteria. Utafiti uliporudiwa kwa watu zaidi, ile tofauti ya kuharisha kukali haikuthibitika. Mwaka 2018 wahakiki wa Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, waliweka pamoja majaribio yote waliyoyapata ya probiotiki kwa kuharisha kunakotokana na kemo au mionzi, na wakaona ushahidi ni dhaifu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani kinapendekeza, kwa tahadhari, bakteria wa jamii ya Lactobacillus kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga. Kwa kemo peke yake hakijatoa pendekezo kama hilo.

Nikiyaweka yote mezani, mimi nasema hivi: kwa mgonjwa kama mama yako, bakteria wa aina ile ya Finland huenda wakampunguzia kuharisha kidogo, na huenda wasimpunguzie. Hawatibu saratani. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, nisingeitia kwenye kopo hilo. Ningeitia kwenye ORS, nauli ya kumfikisha kliniki mapema na chakula anachoweza kukila.

Aina ya bakteria ni jambo zito ambalo wauzaji hulipita. Herufi zinazofuata jina zina maana. Rhamnosus GG ndiye aliyejaribiwa Finland, kwa kiasi cha bilioni 10 hadi 20 kwa siku. Mwanza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna akina mama wa Mabatini waliojifunza kutengeneza mtindi wenye rhamnosus GR-1, mradi mzuri ulioanzishwa pamoja na chuo kikuu cha Kanada na watafiti wa huko Mwanza kwa ajili ya afya na lishe ya jamii. Jina la ukoo ni lilelile, rhamnosus, lakini kilichoonyeshwa kwa mmoja hakihamii kwa mwingine kwa sababu tu majina yanafanana. Kwa hiyo soma kopo lenu. Likiandika "bakteria wazuri bilioni 50" bila kutaja aina kwa ukamilifu, hakuna anayeweza kukuambia lina nini, mimi wala yeye aliyeuza. Na kama lilikaa juani dirishani mwa duka huku maandishi yanasema lihifadhiwe baridi, huenda wengi wao walishakufa.

Umeuliza kama zitaharibu kemo. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus hawajulikani kuizuia oksaliplatini wala kapesitabini kufanya kazi. Hatari yao iko kwingine. Hawa ni viumbe hai, na mama yako, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, huwa chembe zake nyeupe za damu zimeshuka. Utando wa utumbo nao ndio umechubuka wakati huohuo. Bakteria wanaopita salama kwa mtu mzima wa afya wanaweza, mara chache, kupenya hapo na kuingia kwenye damu. Imeshatokea kwa Lactobacillus, na imetokea zaidi kwa hamira ya dawa iitwayo Saccharomyces boulardii, ambayo huuzwa sana huku kwa ajili ya kuharisha. Mwaka 2017 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliamua kwamba hamira hiyo isitolewe kwa wagonjwa mahututi, kwa wenye kinga iliyoshuka, wala kwa mwenye mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwa sababu unga wake ukifunguliwa karibu na mrija unaweza kushika mikononi na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Na rhamnosus ana jambo jingine linalotupa kazi: tangu asili hasikii vankomisini, antibiotiki tunayoitegemea kwa maambukizi mazito.

Sikutishi. Matukio hayo ni machache, na kwenye majaribio ya wagonjwa wa kemo hayakuonekana sana. Lakini faida ikiwa ndogo na isiyo na uhakika, hata hatari ndogo inabidi ipimwe. Kwa hiyo, kama familia imeshanunua na mama anataka kujaribu, peleka kopo lenyewe kliniki, si jina lake ulilolikariri. Daktari aangalie kipimo cha damu cha siku hiyo. Chembe nyeupe zikiwa nzuri, hana mrija wa mshipa mkubwa, hana homa, na kopo lina Lactobacillus aliyetajwa kwa ukamilifu, wengi wetu hatutamkatalia. Kwenye zile siku ambazo chembe zimeshuka, aziache. Likiwa ni Saccharomyces boulardii, kwa mgonjwa wa kemo mimi nasema hapana. Na aliyezimeza wiki mbili au tatu asione tofauti yoyote, asione aibu kuacha.

Nina neno pia kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani ya umio, maana ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, una ugonjwa huo kuliko sehemu nyingi duniani, na wengi wao hulishwa kwa mpira. Nimeona watu wakifungua kapsuli na kumimina unga wake kwenye mpira wa chakula, kando ya kitanda chenye kanula na dripu. Msifanye hivyo bila kuruhusiwa na daktari wa mgonjwa.

Sasa mtindi. Jirani yako na nesi wote wawili wana haki, kila mmoja kwa upande wake. Maziwa freshi wakati mama anaharisha yatamzidishia gesi na choo, kwa sababu ya kile kimeng'enya kilichopungua. Mtindi hubebeka zaidi kwa sababu bakteria wameshaitumia sehemu ya sukari ya maziwa wakati wa kugandisha. Ni chakula chenye protini, laini kwa mdomo wenye vidonda, na bei yake haifanani na ya kopo. Ila usimhesabie kama dawa: bakteria waliomo ni wa kugandishia, idadi yao haijulikani, na wakichemshwa kiwandani baada ya kugandisha wote wamekufa. Mpe uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa au yaliyopitishwa kiwandani, uliofungwa vizuri na ambao tarehe yake haijapita. Maziwa mgando ya kuuzwa kwenye ndoo sokoni, yaliyoganda yenyewe bila kuchemshwa, asiyanywe mpaka kemo iishe. Yanaweza kuwa na vijidudu vya bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na vingine ambavyo mwili wake kwa sasa hauwezi kupambana navyo. Togwa ya nyumbani vilevile, hasa ile ambayo kimea hutiwa baada ya uji kupoa, aisubirie. Kwenye siku za chembe kushuka, kama daktari hajamruhusu, hata mtindi mzuri auache kwanza.

Halafu kuna hili la oksaliplatini ambalo husahaulika. Dawa hiyo hufanya mishipa ya fahamu ishtuke kwa baridi. Mama akinywa mtindi uliotoka kwenye friji siku chache baada ya dripu, anaweza kuhisi koo linabana kana kwamba pumzi inakata, na vidole vikichoma kwa kushika tu pakiti. Humwogopesha sana asiyejua, ingawa hupita. Toa mtindi mapema, ukae mezani kidogo mpaka upoteze ubaridi, ndipo umpe. Maji ya kunywa na ya kunawia yawe ya uvuguvugu siku hizo.

Akiharisha tena, kitu cha kwanza ni maji. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, anywe glasi moja au zaidi kila baada ya choo, kwa kuvuta kidogokidogo kama kichefuchefu kipo, na iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Uji mwepesi, wali laini, ndizi, viazi na supu isiyo na mafuta mengi vinampa nguvu bila kuchokoza tumbo. Maharage, kabichi, pilipili, chai nzito na vya kukaanga vingoje. Loperamidi ni dawa nzuri ya kufunga choo na huenda kliniki ikamwandikia awe nayo nyumbani, lakini asiimeze akiwa na homa au damu kwenye choo kabla hajaonwa.

Na nakuomba sana, usimnunulie metronidazo dukani. Huku kwetu kila tumbo likiharisha mtu hukimbilia hizo. Metronidazo hupunguza kasi ya mwili kuitoa fluorourasili, na kapesitabini, kama nilivyosema, hugeuka kuwa fluorourasili. Unaweza kumzidishia sumu ukidhani unamtibu. Akihitaji antibiotiki, kipimo cha choo kitasema, na daktari atachagua akijua kemo aliyo nayo. Watu pia hupenda kumeza probiotiki mara baada ya antibiotiki ili "kurudisha bakteria". Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watu wenye afya, ulionyesha kwamba waliozimeza baada ya antibiotiki bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko walioachwa wajirudie wenyewe. Kwa hiyo hata hapo si jambo la kulifanya kwa mazoea.

Zipo hali za kutongoja kabisa, hata kama ni usiku wa manane. Joto la mwili likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika hapo. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Kuharisha kunakoendelea zaidi ya siku moja licha ya maelekezo aliyopewa. Kutapika kiasi cha kushindwa kunywa ORS, vidonda vya mdomo vinavyomzuia kumeza maji, mkojo kuwa kidogo na wa rangi ya chai, kizunguzungu akisimama, tumbo kuuma sana na kuwa gumu. Homa ikija, usimpe panadoli kwanza "uone kama itashuka". Itashuka, na maambukizi yataendelea chini yake bila mtu kuyaona. Nunua kipimajoto leo kama hamna. Ni rahisi kuliko hilo kopo.

Kliniki nenda naye kabla ya tarehe ya mzunguko wa tatu. Beba paketi zote: kapesitabini iliyobaki, vidonge vya kuongeza damu, kopo la shemeji, na dawa yoyote ya miti shamba hata kama anaona aibu kuitaja. Mwandikie kwenye daftari siku alizoharisha, mara ngapi, na mchana au usiku. Waambie wazi kwamba alimeza vidonge siku zote 14 huku akiharisha, maana wasipojua hilo watadhani dozi ilimkaa vizuri. Na mkilazimika kukimbilia hospitali yoyote ya karibu usiku, neno la kwanza mapokezi liwe kwamba yuko kwenye kemo, na tarehe ya dripu ya mwisho, ili asikalishwe kwenye foleni na wagonjwa wengine.